Saa Tisa Tutakuwa Hapo

Simu ilitukuta Buguruni, Dar es Salaam, teksi ikiwa imesimama.

Foleni ya jioni ilikuwa imeshikana tangu TAZARA, na dereva alikuwa ameshazima injini mara mbili. Baba alikaa nyuma, bakora kati ya magoti, kofia yake ya viua ameivua na kuilaza juu ya paja kwa ajili ya joto. Nilipoona ni binamu yangu anayepiga, nilijua kabla ya kupokea.

"Tumesharudi makaburini," akasema. "Nyinyi mmefika wapi?"

Ilikuwa saa kumi na moja na robo jioni. Alfajiri ya siku hiyohiyo, kwa kinywa changu mwenyewe, nilikuwa nimemwambia: saa tisa tutakuwa hapo.

Baba hakuuliza simu imesema nini. Aliichukua kofia, akaivaa, akaitengeneza kwa vidole viwili kama afanyavyo akitaka kuingia msikitini.

Tangu siku hiyo nimelibeba neno "saa tisa" kila niendako. Kifo chenyewe nimekipokea. Shangazi alikuwa mtu mzima, ameugua, amepumzika. Lakini saa tisa imeniganda. Nimeamka nayo usiku, nikahesabu upya, nikaziona dakika zilipopotelea, nikahesabu tena.

## Hesabu ya alfajiri

Habari za msiba zilikuja saa kumi na moja na dakika kumi. Muadhini wa msikiti wetu hapa Likoni alikuwa hajamaliza. Shangazi amefariki nyumbani kwake Magomeni, wanawe wote wa Dar wako naye, na swali la kwanza baada ya innaa lillahi lilikuwa la saa.

"Tunataka kumzika adhuhuri. Mjomba atawahi?"

Swali hilo halina mzunguko. Maiti hasubirishwi. Unajibu utawahi au hutawahi, na watu wanakwenda kuchimba kaburi kwa kufuata jibu lako.

Baba alikuwa ameketi kitandani, mguu mmoja ndani ya kandambili, mwingine chini sakafuni. Ana miaka 79. Shangazi alimtangulia kuzaliwa kwa miaka mitano, na yeye ndiye aliyembeba mgongoni.

Nikatafuta ndege ya moja kwa moja. Kwa siku ile sikuipata. Iliyokuwapo ni ya kuunganisha: kutoka Mombasa saa mbili na nusu asubuhi, kutua Nairobi saa tatu na nusu. Kutoka Nairobi saa tano na nusu, kutua Dar saa saba kasoro dakika kumi. Kutoka uwanjani hadi Magomeni nikaweka saa moja. Juu yake nikaongeza saa nyingine nzima ya dharura, nikajiona mtu wa tahadhari.

"Adhuhuri hatuwahi," nikamwambia binamu. "Saa tisa tutakuwa hapo."

"Basi iwe alasiri. Tutawasubiri."

Ikawa hivyo. Kwa neno langu, mazishi yalitoka swala moja yakaenda swala nyingine.

Barabara niliifikiria kwa muda wa pumzi moja tu. Basi ni saa kumi hadi kumi na mbili, kuna mpaka, kuna magoti ya baba. Nikaiweka kando. Baba mwenyewe sikumuuliza.

## Nyumba iliyo upande wa Dar

Mabasi ya Dar yakishavuka feri hupita karibu na kwetu. Nikilala dirisha wazi huyasikia yakipanda mwinuko ule wa kutoka kivukoni, yakibadilisha gia, kisha yanapotea kuelekea Ng'ombeni. Nyumba yetu iko upande wa Dar. Kwenda uwanja wa ndege, sisi inatubidi tuipe Dar mgongo: tuvuke feri tuingie kisiwani, tupite Makupa, tufike Changamwe. Au tuzunguke kwa Dongo Kundu. Asubuhi ile tulivuka feri.

Kulikuwa na umati wa watu wa kazini, wengi wakikimbia kama kila siku. Baba alisimama ameegemea teksi, feri ikikata maji, akainua bakora kuelekeza kule tulikotoka.

"Dar iko kule," akasema. "Ndia iko pale mlangoni petu."

Baba bado husema ndia badala ya njia. Nikamweleza kwamba kwa ndege ni saa moja tu hadi Nairobi, na saa moja na dakika ishirini kutoka Nairobi hadi Dar. Alinyamaza. Mimi nikakuchukua kunyamaza kwake kuwa ni kukubali.

## Getini

Ndege ya kwanza ilichelewa dakika hamsini. Tuliketi Changamwe tukiambiwa tusubiri kidogo, na kila "kidogo" mimi nilikuwa nikiitoa katika ile saa yangu ya dharura. Tulitua Nairobi saa nne na dakika ishirini.

Kijana asiye na mzigo, muda uliobaki unamtosha. Baba hutembea hatua fupi, bakora kwanza. Kutoka upande wa safari za ndani hadi upande wa safari za nje, kisha foleni ya uhamiaji, kisha foleni ya ukaguzi. Vua mkanda. Vua viatu. Nilimwona ameshika ukuta kwa mkono mmoja, anakitafuta kiatu kwa mguu bila kuinama. Nikapiga magoti nimvishe. Soksi yake ya kushoto ilikuwa imegeuka, nyuzi za ndani ziko nje, maana aliivaa alfajiri gizani na hakuna mtu katika nyumba nzima aliyekuwa na macho ya kuona soksi.

Picha hiyo ya soksi ndiyo inayonijia kuliko hata picha ya kaburi.

Saa tano na robo tulifika getini. Ndege ilikuwa bado pale, tunaiona kwenye kioo, lakini mlango ulikuwa umefungwa. Dada aliyekuwa zamu alinitazama kwa huruma ya kweli, akarudia maneno yaleyale mara tatu. Ndege iliyofuata ilikuwa saa nane na nusu.

Nikatoa simu. Nilitaka kumwomba binamu wasogeze hadi magharibi. Baba akanishika mkono.

"Wataka kumwambia nini?"

"Wakisubiri hadi magharibi tutawahi, baba."

"Na hiyo nayo ikikawia?"

Sikuwa na jibu.

"Mwambie alasiri ikifika wamzike. Dada yangu asikawizwe tena."

Nilipiga, nikasema alivyoniagiza. Lakini lile neno "tena" lilinichoma. Baba alikuwa ameshajua, tangu kule kwenye feri labda, kwamba kukawizwa kwa kwanza kulitoka kwangu.

Ndege ya saa nane na nusu iliruka saa tisa kasoro robo. Tulipokuwa juu rubani akatangaza Kilimanjaro, upande wa kulia. Watu waliinua simu zao. Baba ndiye aliyekuwa dirishani. Aliutazama mlima hadi ukabaki nyuma ya bawa, kisha akaniuliza saa ngapi.

"Saa tisa na dakika kumi," nikamwambia.

Hakusema kitu.

## Uzi juu ya ramani

Tuliporudi Mombasa nilikaa na ramani usiku baada ya usiku. Mke wangu alidhani nafanya kazi za ofisini.

Ukivuta uzi ulionyooka kutoka uwanja wa ndege wa Mombasa hadi ule wa Dar es Salaam, unapata kama kilomita 320. Uzi huo unafuata mkondo ulio kati ya Pemba na Tanga, unapita juu ya Unguja, unaingia Dar. Ni njia ya jahazi kabisa. Wazee wetu waliifuata kwa kaskazi wakienda, wakarudi kwa kusi, siku mbili hivi upepo ukikubali.

Sisi kwa ndege tulikwenda kama kilomita 420 kuifuata Nairobi, kaskazini-magharibi, tukiiacha bahari. Halafu kama kilomita 665 kurudi kusini. Jumla inakaribia kilomita 1,085, zaidi ya mara tatu ya ule uzi.

Barabara nayo haiufuati uzi. Kutoka Likoni hadi Tanga inakwenda na pwani vizuri, lakini ikishatoka Tanga inaingia bara hadi Segera, inateremka hadi Chalinze, ndipo inageuka kuitafuta bahari tena. Inazidi kilomita 500. Njia fupi ya pwani, ya Tanga, Pangani, Saadani na Bagamoyo, ndiyo sasa inayojengwa kwa lami, na daraja la Mto Pangani linajengwa pia. Siku itakapokamilika, nitaipita hata kama sina safari.

Kisha nikahesabu saa. Tulitoka nyumbani saa kumi na mbili na robo asubuhi, tukaingia Magomeni saa kumi na mbili kasoro dakika kumi jioni. Ni saa kumi na moja na dakika thelathini na tano. Angani tulikuwa saa mbili na dakika ishirini. Saa tisa na zaidi zilizobaki zilikuwa teksi, feri, viti vya kusubiria, foleni za kusimama na foleni ya gari. Nilipougawa ule uzi wa kilomita 320 kwa saa zetu zote nikapata kama kilomita 28 kwa saa. Ni mwendo wa kijana anayekanyaga baiskeli kwa nguvu.

Hapo nikaliona kosa langu lilipokaa. Saa ya dharura niliiweka mwisho, baada ya kutua Dar. Hatari ilikuwa katikati, Nairobi, na pale katikati nilikuwa sijaweka chochote ila ratiba ya tiketi. Ndege mbili zilizounganishwa ni ahadi mbili. Ya kwanza ikiteleza dakika hamsini, ya pili haitelezi dakika hamsini, inapotea yote, na inayofuata ni baada ya saa tatu. Na hesabu yote niliifanya kwa miguu yangu. Miguu ya baba sikuitia ndani.

Tena kuna jambo la lugha yetu ya kawaida. Mtu akiuliza kutoka mji mmoja hadi mwingine ni muda gani kwa ndege, sisi sote tunamtajia muda wa angani. Si uongo. Lakini aliyekaa na maiti nyumbani anasubiri mtu aingie mlangoni. Nilimpa muda wa ndege, yeye akaupokea kama muda wa mlango.

Ramani ilinieleza haya yote na bado sikupata usingizi. Badala yake ikanizalia shaka mpya: je, kama tungesimama pale barabarani, tukapanda lile basi la asubuhi linalopita kwetu?

## Daftari

Hitima ya arobaini ilipokaribia, baba aliniambia mwenyewe.

"Safari hini twende na ndia."

Nikamkumbusha magoti. Akasema magoti ni yake.

Sikumwambia kwamba na mimi nilikuwa nalitaka basi kwa sababu yangu. Nilinunua daftari dogo la mistari. Nilitaka niandike kila kituo na saa yake, ili nijue, na nikishajua niache.

Basi lilitupakia Likoni saa kumi na mbili na dakika ishirini. Baba alipewa kiti cha mbele, na utingo mmoja mwenye adabu sana akamwekea boksi la kuinulia mguu. Ng'ombeni, Waa, Tiwi, Ukunda. Msambweni baba akalala. Ramisi akaamka akauliza kama bado kuna miwa, akalala tena. Saa tatu kasoro robo tulikuwa mpakani.

## Horohoro

Siku hizi mpaka ni jengo moja. Unashuka mara moja, Kenya na Tanzania wamekaa pamoja, unagongewa mihuri, unaonyesha kadi ya njano ya chanjo, unatoka. Wabadilisha fedha wako nje na mabunda yao. Basi zima lilituchukua saa moja na dakika kumi, nikaandika.

Baba alimaliza mapema, mzee akapitishwa mbele. Nilimkuta amesimama juani anaitazama barabara tuliyotoka.

"Hapa palikuwa pamefungwa," akasema.

Najua habari ya mpaka kufungwa. Sote tunaijua kama somo la shule. Jumuiya ilivunjika 1977, Tanzania ikafunga mpaka Februari mwaka huo, ukafunguliwa Novemba 1983. Kwa baba haikuwa somo la shule, na mimi sikuwahi kumuuliza.

Shangazi aliolewa Dar mwaka 1974. Baba ndiye aliyemsindikiza, kwa basi, njia ikiwa mbovu na mpaka ukiwa mwepesi. Siku hizo, anasema, ilikuwako pia ndege ya East African Airways iliyoshuka na pwani: Mombasa, Tanga, Unguja, Dar. Hawakuwa na fedha zake, lakini ilikuwako, ukiisikia unajua inakwenda kwa dada yako. Miaka mitatu baadaye shirika likafa na mpaka ukafungwa, vyote mwanzoni mwa mwaka mmoja.

"Mama alikufa mwaka wa 80, Mfunguo Mosi," baba akasema. "Sikuweza kumwita dada yangu. Habari alizipata kwa mtu wa jahazi, arubaini ishapita."

Nikauliza kama hakukuwa na njia za panya.

"Walikuwako waliopita usiku. Yeye alikuwa na mtoto mchanga."

Mtoto huyo ni binamu yangu. Ndiye aliyenipigia simu alfajiri, na ndiye aliyenipigia Buguruni.

Shangazi hakumzika mama yake. Kilomita zilikuwa hizihizi, barabara ilikuwa hiihii mlangoni petu, na kwa miaka sita na ushei Dar ilikuwa mbali kuliko Makka, maana Makka watu walikuwa wakienda wakirudi. Alikuja Mombasa baada ya mpaka kufunguliwa, akiwa na watoto watatu ambao baba alikuwa hajawahi kuwaona. Baba anakumbuka kwamba hakuingia nyumbani kwanza. Aliomba apelekwe kaburini, na mizigo yake ikabaki kwenye gari.

Utingo akatuita. Baba akapanda ngazi za basi moja moja, nami nyuma yake, mkono karibu na mgongo wake bila kumgusa, maana hapendi.

Kuanzia Horohoro hadi Tanga sikuandika kitu katika daftari.

## Chalinze

Baada ya Tanga nilianza tena. Mashamba ya mkonge, mistari yake ikifunguka na kufumba kando ya dirisha. Muheza wauza machungwa wakakimbilia madirisha. Baba akanunua mfuko akamenya kwa kisu chake cha mfukoni, ganda moja refu lisilokatika, akagawa kwa majirani zetu wa viti. Segera saa saba kasoro robo, na hapo chakula. Mkata. Daraja la Wami. Msata, ambapo ukiwa na gari lako unaweza kukata hadi Bagamoyo ukaingia Dar kwa upande mwingine. Basi letu lilikwenda moja kwa moja.

Nilikuwa natazama saa kuliko njia. Kila trafiki aliyetusimamisha nilimwandika. Mabasi ya Tanzania hayaruhusiwi kupita kilomita 80 kwa saa, na dereva wetu alilishika hilo sawasawa.

Saa kumi kasoro dakika kumi tuliingia Chalinze. Kutoka msikiti wa pale kandokando ya stendi ikasikika adhana ya alasiri.

Dar ilikuwa imebaki zaidi ya kilomita 100, pamoja na Mlandizi, Kibaha na foleni zake.

Nikafunga daftari. Kwa basi pia hatungewahi. Kwa njia yoyote ile, siku ile, baba hangetia mchanga juu ya kaburi la dada yake. Wiki sita nilikuwa nimejitesa kwamba nilichagua njia mbaya, na sasa ninayo ithibati kwa mwandiko wangu mwenyewe kwamba njia njema haikuwapo.

Nilitarajia kifua kingefunguka.

Hakikufunguka. Kumbe njia haikuwa jambo lenyewe. Kama ningejua haya yote alfajiri ile, jibu la haki kwa binamu lingekuwa fupi sana: hatuwahi, mzikeni adhuhuri. Ningemwachia shangazi swala yake ya kwanza. Ila kumwambia mtu hivyo, baba yako ameketi kitandani na kandambili moja, kunataka moyo ambao sikuwa nao. Nadhani ndiyo maana niliikumbatia ile tiketi upesi hivyo. Tiketi ilinipa saa ya kutaja.

Baba alikuwa ameamka. Aliiona saa mkononi mwangu, akaisikia adhana, na hesabu ile niliyoifanya kwa wiki sita yeye akaifanya pale pale.

"Hata huku tusingewahi," akasema.

"Tusingewahi, baba."

Akanipa pande la chungwa lililobaki.

## Magomeni

Tulishuka Mbezi saa kumi na mbili kasoro robo. Saa kumi na moja na dakika ishirini na tano, Likoni hadi Mbezi. Ndege ilitupeleka mlango kwa mlango kwa dakika kumi zaidi ya hapo. Mguu wa baba ulikuwa umevimba, na hakulalamika.

Hitima ilisomwa kesho yake. Watu walipotawanyika, mimi na binamu tulibaki kukunja majamvi, na hapo nikamwambia. Nikamwambia saa tisa ilikuwa hesabu mbovu, kwamba niliitoa kwenye tiketi bila kufikiri, kwamba mama yake alicheleweshwa na mimi.

Aliendelea kukunja.

"Ile saa tisa hakuna aliyeiamini," akasema. "Mama mwenyewe alikuwa akisema, watu wa Mombasa wakitaja saa ongeza tatu. Tulikaa tukashauriana na imamu. Tukasema tutakwenda hadi alasiri, mjomba akifika alhamdulillahi, asipofika tumeshampa nafasi yake."

Nikauliza kwa nini hakuniambia simuni.

"Ungemwambia mjomba nini?"

Tulibeba jamvi la mwisho, yeye upande mmoja mimi mwingine, tukaliegemeza ukutani.

Baba alikwenda kaburini alfajiri ya siku ya kuondoka, yeye na binamu tu. Hakutaka niende. Waliporudi, kanzu yake ilikuwa na vumbi jekundu kwenye magoti yote mawili, na sijui alipigaje magoti na sijui nani alimwinua.

Basi la kurudi lilikuwa linawasha injini. Mke wa binamu alitupitishia mfuko wa vitumbua dirishani, akasimama pale chini kajishika leso.

"Mjomba, mtafika Mombasa saa ngapi?"

Baba akanitazama. Mimi nikanyamaza.

"Tukifika," akamwambia, "tutakupigia."